Kuku katagia ndani ya mashine yetu: namna ya kuunga kazi za kikundi cha mwani

Asalaam alaykum. Leo naandika kwa wenzangu wa vikundi, khasa sie wa mwani huku kusini ya Unguja, ingawa hata aliyeko Pemba kwenye dagaa au asali ataona mwenyewe pale panapomgusa. Mie katibu wa kikundi cha kina mama, mwaka wa tisa huu. Wiki iliyopita niliingia stoo kutafuta ndoo nkamkuta kuku wa jirani kajikalia ndani ya mdomo wa mashine ya kusagia mwani, mayai sita chini yake, kanitolea macho utafikiri mie ndo niliyeingia kwake. Na kwa kweli yeye ndo mwenye haki, maana mashine ile tangu ije ni yeye peke yake aliyepata faida nayo, sie haijatusagia hata kijiko.

Ilikuwaje? Mfadhili wa kwanza alituletea semina ya sabuni, siku tano, chai na chapati, na mwalimu alikuwa anaijua kazi yake wallahi. Mwaka uliofata ukaja mradi mwengine ukatupa mashine. Wa tatu wakatuchapishia stika elfu mbili zenye picha ya mnazi na bahari. Wa nne wakatujengea banda, bati jipya, sakafu ya saruji. Kila kimoja ukikitizama peke yake kizuri, huna la kusema, na kila mmoja alipiga picha na sie akaenda zake akaandika ripoti. Lakini mashine inataka umeme wa fezi tatu na banda lina fezi moja. Stika zimeandikwa gramu 100, na fremu za kumwagia sabuni tulizopewa semina zinatoa kipande cha gramu 90 ikiwa bado mbichi. Semina imefundisha sabuni ya mafuta ya nazi na hakuna hata mmoja, na mie nikiwemo, aliyeuliza hayo mafuta tutayatoa wapi na kwa bei gani. Vitu vinne vizuri, na baina yao hamna kitu.

Tulikuja kuligundua hotelini. Nilikwenda mie na shoga yangu, tumevaa vizuri, kapu la sabuni arubaini. Dada wa duka la hoteli akazinusa, akafurahi, tukaanza kuzungumza bei. Khalafu akainuka akenda jikoni, akarudi na mzani ule mdogo wa kupimia unga, akaeka sabuni moja juu yake. Sabini na nane. Akaeka nyengine. Sabini na sita. Akaigeuza stika akatuonesha kwa ukucha: gramu 100. Hakutukana, na bora angetukana, alisema tu, mama zangu, hii mie siwezi kuipokea. Tukarudi na daladala na kapu letu, shoga yangu njia nzima anasema labda mzani wao mbovu.

Mzani haukuwa mbovu. Sabuni ikikaa kukauka inapoteza maji, kwa hivo ya gramu 90 siku unayoikata baada ya mwezi si 90 tena. Aliyetufundisha kupika analijua hilo. Aliyechapa stika hajui, na kwa nini ajue, hakuwahi kuonana na wa kwanza. Sie ndo tuliokuwa tunaonana na wote wawili, tukakaa kimya tunapiga makofi.

Sasa namna ya kufanya. Mie si mtaalamu, nasema tulivofanya sie na pale tulipochemka.

Anza mwisho, rudi nyuma

Chukua kitu kimoja mnachouza, kimoja tu, kieke mezani. Sie tulieka kipande cha sabuni kwenye mkeka tukakaa duara. Tukaulizana: huyu kabla ya kufika kwa mgeni alikuwa kwa nani? Dukani. Kabla ya duka? Kwenye boksi la mwenyekiti. Kabla? Kwenye kichanja anakauka. Kabla? Kwenye fremu, kwenye ndoo ya uji wa sabuni, kwenye unga wa mwani, kwenye mwani mkavu, kwenye mwani mbichi, kwenye kamba baharini. Andikeni kila mkono unaoshika. Msiandike vyeo, andikeni mikono, nani khasa anayeinua kitu na kumpa nani. Sie ilitoka mikono kumi na moja, na kati ya hiyo kumi na moja mitatu hatukujua ni ya nani, yaani ni "mtu yeyote atakayekuwepo". Hapo hapo ujue pana shimo.

Na tembeeni kwa miguu jamani, msikae kwenye mkeka tu. Tulipotembea ndo tukaona unga wa mwani unakaa kwenye chumba kile kile tunachochemshia maji, unanyonya unyevu wiki nzima kabla haujatumika. Hilo halikuwemo kwenye karatasi yoyote.

Penye kupokezana, pima

Hapa ndo pana utamu wote kwa hivo ntakaa kidogo. Kila pale kitu kinapotoka mkono mmoja kuingia mwengine uliza: anayetoa anafaidika na nini, na anayepokea anataka nini? Mara nyingi utakuta wanavutana, kila mwamba ngozi huvutia kwake, na si kwa ubaya.

Mfano wetu ni mchanga. Pwani mwani unauzwa kwa kilo, mnunuzi anakuja na mzani wake wa kuning'iniza, unapima, unalipwa. Sasa mama aliyeanika mwani wake chini, ukashika mchanga kidogo na magamba ya kombe mawili matatu, anapoteza nini? Mchanga una uzito. Miaka yote hiyo mchanga ulikuwa pesa yetu ndogo ya siri, msinikasirikie wenzangu, sote twajua. Ila mwani ule ule ukija kwenye sabuni mchanga ni balaa, utatafuna meno ya mashine na unamkwaruza mgeni mgongoni. Tulikaa vikao vitatu tunasemana, wa sabuni wanawaita wa pwani wachafu, wa pwani wanawaita wa sabuni mabibi wa bandani, mpaka bibi mmoja mtu mzima akasema, nyie mnanilipa kwa kilo halafu mnanidai usafi? Nilipeni kwa usafi.

Basi. Tukafanya hivo. Mwani wa kuuzia kampuni unaendelea na njia yake ile ile, kwa kilo. Mwani wa sabuni tunauchagua mapema, unaanikwa juu ya kichanja chenye wavu, unaoshwa kwa maji ya kisima na kukaushwa tena, na kilo yake kikundi kinainunua kwa bei mara mbili ya pwani. Sio nyingi tunayohitaji, sabuni hainywi mwani mwingi, vijiko viwili vya chakula vya unga kwa kila kilo ya mafuta vinatosha. Vikao vya mchanga vikaisha siku hiyo hiyo. Maneno ya semina juu ya "ubora" tuliyasikia mwaka mzima na hayakutoa hata punje moja ya mchanga, bei ndo iliyoutoa.

Karatasi moja ya mpiko

Hii fupi. Kila mpishi wa kikundi alikuwa na kipimo chake, mmoja kikombe, mmoja mkono, mmoja "naona kwa macho". Nunueni mzani wa jikoni wa betri, andikeni kipimo kimoja, kibandikeni ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Chetu: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda gramu 170, maji gramu 350. Soda ndo inayotiwa ndani ya maji, taratibu, maji yasitiwe juu ya soda hata siku moja, inaruka. Glavu, miwani, mlango wazi, watoto mbali. Mafuta ya karafuu tieni matone machache tena mwisho kabisa, karafuu inaugandisha uji mbio, kuna siku ilitugandia ndani ya ndoo na mwiko umesimama katikati kama mnara wa msikiti. Na sabuni ya nazi tupu ikateni siku ile ile bado ina joto kidogo, mkiiacha mpaka kesho inavunjika kama kashata. Khalafu wiki nne kwenye kichanja. Ndo mpime. Uzito huo wa baada ya wiki nne ndo unaoandikwa kwenye lebo, na lebo ichapwe baada ya hapo, sio kabla. Na kabla hamjachapa nendeni ZBS, wale wa viwango, na ZFDA, wale wa chakula na dawa, mkaulize wanataka nini kwenye lebo, maana kuichapa upya ni hasara ya pili na sie tumeilipa.

Hesabu ya misimu

Wageni wengi wanaanza kumiminika mwezi wa saba. Kwa hivo hoteli inataka mzigo mwisho wa mwezi wa sita. Toa wiki nne za kukauka, toa wiki ya kupika na kufunga, uko mwezi wa tano. Mwezi wa tano ni masika au mkia wake, jua la kuanika mwani la kuaminika hamna, unaanika asubuhi, ikifika saa sita mvua, mwani unavunda. Maana yake mwani wa sabuni ya mwezi wa saba uwe umeshakauka na umeshafungwa kwenye mapipa kabla masika hayajaanza, yaani kaskazi inapovuma, mwezi wa kwanza na wa pili, jua kali. Na mwani kwenye kamba unataka wiki sita hivi mpaka kuvunwa. Rudi nyuma tena: unafunga mbegu mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya sabuni itakayouzwa mwezi wa saba.

Nilipoichora hii kwenye ubao wenzangu walicheka, wakasema katibu kawa mnajimu. Lakini miaka mitano sie tulikuwa tunapika sabuni pale oda inapokuja. Oda inakuja mwezi wa sita, mwani hamna, anayetaka kusaga hana cha kusaga, wa lebo anasubiri, wa pwani ndo kwanza hajui kama kuna oda. Kila mmoja anafanya kazi kwa bidii, tena bidii ya kweli, na mwisho wa mwezi hamna kitu cha kupeleka.

Na kalenda ya maji. Sie hufanya kazi bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kutoka mbali, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, saa nne asubuhi maji yameshatoka na kina mama wako mbali huko na kamba zao. Wageni wa miradi wao hawajui bamvua wala maji mafu, wanaeka mkutano Jumanne saa nne kwa sababu Jumanne gari lipo. Wanakuja watu wanne, wanaandika "mwamko mdogo". Mtundike kalenda ya tarehe za Kiislamu bandani, zungushieni kalamu nyekundu mwezi mosi na mwezi kumi na tano na siku mbili tatu za huku na huku, na anayetaka kikao mumpe siku zilizobaki. Sheha wetu, yaani kiongozi wa serikali hapa mtaani, sasa hivi naye huuliza kwanza kama ni bamvua.

Mtu wa viungo

Kila kikundi kina mwenyekiti, katibu, mshika fedha. Kazi zote hizo zinatizama ndani ya kitu kimoja kimoja. Tukaongeza mtu mmoja, hatukumpa cheo kikubwa, tunamwita wa daftari. Kazi yake kwenda kila wiki kwenye ile mikono kumi na moja na kuuliza mambo matatu tu: umepokea nini, umetoa nini, kimebaki nini? Anaandika kwenye daftari moja. Sio daftari la pwani na daftari la sabuni na faili la mradi fulani, moja. Kila mpiko una namba ya bechi, namba inaandikwa kwenye boksi, mgeni akilalamika sabuni inawasha tunajua imepikwa lini, na nani, kwa mwani wa kamba za nani.

Mchagueni mtu mbishi kidogo. Sie mara ya kwanza tulimchagua binti mpole, kila akienda anaambiwa "andika tu vipo". Wa sasa hivi anataka kuviona kwa macho yake, watu wanamkimbia, safi kabisa.

Zawadi msizipokee zote

Hili gumu, najua, mkono mtupu haulambwi na mkono uliojaa sio rahisi kuukatalia. Lakini mgeni akija na kitu muulizeni mambo matatu. Kitu hichi kitapokea kutoka kwa nani? Kitampa nani? Kikiharibika nani atalipa? Akiweza kuyajibu huku kanyooshea kidole ile mikono mlioiandika, karibu. Akishindwa, mwambieni kwa adabu tunashukuru ila bado. Mwaka juzi alikuja kijana mzuri tu na tableti yake, anajaza fomu, mahitaji ya kikundi ni yapi? Zamani tungesema vyote, friji, kompyuta, boti. Nikamwambia mwanangu, tunataka vichanja vinane na mapipa sita yenye mfuniko. Akanitizama, akasema, tu? Tu. Akasema bajeti yake inaanzia juu ya hapo. Tukanywa chai akaondoka, na wako wenzangu mpaka leo hawajanisamehe.

Vichanja tukavitengeneza wenyewe, kidogo kidogo, kwa pesa za sabuni.

Kuna wanaosema huu mwani wenyewe ndo umeshindikana. Mie naona sio. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani tangu miaka ya 70, ila kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani 1989 kwa mbegu ya Ufilipino. Na kilishika kwa nini? Makampuni yalileta kamba, tai tai (vile vijikamba vya kufungia mbegu) na mbegu, na yale yale yakasimama ufukweni na mzani kununua. Vilikuja vimeshikana. Bei ndogo mpaka leo, na pesa kubwa iko ng'ambo kwa wanaotoa ile gundi ya mwani inayotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, huo ni ugomvi mwengine ntauandika siku nyengine. Lakini zaidi ya miaka 30 imepita na kina mama bado wako majini.

Tizama upande wa pili, kotonii. Ule mwani mnene unalipa kuliko spinosamu, ule mwembamba tunaoulima wengi, lakini maji ya pwani yamekuwa moto mno, ukawa unaumwa, unageuka mweupe na kukatika. Watafiti wakiwemo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakajaribu kuupeleka maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mfereji mrefu. Wazo zuri sana. Ila maji ya kina yanataka boti, na yanataka kujua kuogelea, na wengi wetu tumezaliwa hatua ishirini kutoka bahari na kuogelea hatujui. Kwa hivo mtu akikuletea wavu peke yake, bila boti, bila wa kukufundisha kuogelea, utakaa stoo karibu na kuku.

Mashine yetu sasa. Tumeipatia njia. Kuna kaka anasaga viungo, yeye ana umeme wa fezi tatu na mashine yake imechoka, tumekubaliana aichukue yetu aitumie, na sie atusagie mwani siku mbili kila mwezi bila malipo, ikiharibika anatengeneza yeye. Tumeandikiana mbele ya sheha. Mwezi wa kwanza tulipeleka mwani wa majaribio, na yeye kabla yetu alikuwa kasaga pilipili manga na pilipili kali kavu, akafuta juu juu. Sabuni zile tulizijaribu wenyewe. Shoga yangu alioga nayo saa kumi na mbili jioni, saa moja bado yuko kisimani anajimwagia maji na kumtaja kila aliyehusika.

Kwa hivo kwenye daftari umeongezwa mkono wa kumi na mbili: anayekwenda kuiosha mashine kabla ya mwani wetu, na kusaga mchele kilo mbili kwanza ndani yake kutoa harufu. Kuku tumempa mpaka mayai yaanguliwe ndo mashine iondoke. Bamvua linaanza Alkhamis, ntakuwa pwani asubuhi zote mpaka Jumapili, mwenye suala aniwachie meseji ntajibu maji yakijaa.